Testi ya kwanza ya mekanika nimepata 7 kwa 20. Nihame kozi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, nipo mwaka wa kwanza uhandisi mitambo katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Songea. Nilisoma PCM shule ya bweni ya wasichana nikapata divisheni wani ya pointi 5, na tangu shule ya msingi sijawahi kutoka nje ya tatu bora. Testi ya kwanza ya mekanika nimepata 7 kwa 20. Somo la programu naliona mazingaombwe maana sijawahi kumiliki kompyuta. Wavulana ninaosoma nao wanachora michoro ya uhandisi kama wamezaliwa nayo. Naishi kwa shangazi Chanika: natoka alfajiri, narudi usiku, nikimaliza kazi za nyumbani nafungua madesa (maswali yaliyokwishatatuliwa na waliotutangulia) kwenye simu nasoma hadi saa nane. Nayaelewa kabisa, lakini nikiingia kwenye mtihani akili inafunga. Nafikiria kuhamia ualimu au biashara. Je, nilikosea kuja uhandisi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na safari za Chanika, nitazifikia.

Barua yako nimeisoma yote, lakini nilikwama pale unaposema madesa unayaelewa kabisa. Nakuamini. Desa limeandikwa ili lieleweke. Swali lipo juu, suluhisho lipo chini, mstari kwa mstari, na aliyelitatua alishahangaika mwaka juzi, ila mahangaiko yake hayaonekani kwenye karatasi. Ukilisoma saa saba usiku kila mstari unakuitikia: sawa, ndiyo, kweli. Lakini kukubali kwamba mstari wa nne unatokana na wa tatu ni kazi moja, na kujua mstari wa kwanza uweje wakati karatasi bado ni nyeupe ni kazi nyingine kabisa. Testi inapima hii ya pili. Akili yako haijafunga, mwanangu. Kazi hiyo ya pili bado hujaanza kuifanya, na saa tatu za usiku unazojitesa nazo zote unazimwaga kwenye ile ya kwanza. (Wenye steshenari wanaotoa kopi za madesa wanisamehe, sitaki kuwaharibia biashara.)

Kidato cha sita ulifaulu kwa njia iliyoufaa mtihani ule. Silabasi ilijulikana, mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma ilikuwepo, mwalimu alirudia mada mpaka darasa likachoka, na prepo ya usiku ilikuwa lazima upende usipende. Muda wako ulipangwa na mtu mwingine. Na kwenye fizikia, mchoro wa swali mara nyingi ulikuja na mishale ya nguvu ikiwa imeshawekwa. Chuoni mchoro unakuja mtupu. Unapewa mkono wa winchi unaoning'iniza mzigo, unaambiwa tafuta nguvu inayobebwa na pini B, basi. Nikitenge kitu gani? Nani anamgusa nani, na anamsukuma kuelekea wapi? Maamuzi hayo ndiyo mekanika yenyewe. Hesabu inayofuata unaijua tangu kidato cha tano.

Tuchukue swali dogo, na nakuomba uchukue kalamu kabla ya kuendelea kusoma. Ubao wa mita 4 umelazwa juu ya matofali mawili, kama wanavyofanya mafundi rangi. Tofali A lipo kwenye ncha ya kushoto. Tofali B lipo mita 3 kutoka A, kwa hiyo mita 1 ya ubao upande wa kulia ipo hewani. Fundi mwenye uzito wa niutoni 600 anasimama mita 1 kutoka A. Uzito wa ubao tuuache. Kila tofali linabeba kiasi gani?

Kabla hujagusa kikokotoo, sema kwa mdomo nani atabeba zaidi. Ni A, kwa kuwa fundi yuko karibu naye. Halafu ndipo uchukue momenti (nguvu mara umbali) kuhusu A: nguvu ya B mara 3 ni sawa na 600 mara 1, kwa hiyo B anabeba 200 na A anabeba 400 zilizobaki. Imelingana na ulichosema, vizuri. Sasa fundi anatembea hadi ncha ya kulia kabisa ili afikie kona ya ukuta. Hesabu ni ileile: B mara 3 ni sawa na 600 mara 4, B ni 800. A inakuwa 600 toa 800, yaani hasi 200.

Hapa ndipo ninapowajua waliosoma madesa tu. Wakiona hasi wanadhani wamekosea, wanafuta, wanaanza upya, muda unaisha. Hasi ile ni taarifa. Inasema ili ubao utulie, tofali A lingepaswa kuuvuta kwenda chini kwa niutoni 200, na tofali halina mikono. Ubao utapinduka na fundi ataanguka pamoja na kopo lake la rangi. Ukisoma suluhisho la mtu mwingine, alama ile unaipita bila kuiona. Ukikutana nayo wewe mwenyewe, ukahangaika nayo dakika kumi ukijiuliza kosa liko wapi, mpaka ukagundua hakuna kosa, haitakutoka hadi unastaafu.

Kwa hiyo utaratibu wako kuanzia wiki hii uwe hivi. Lekcha ya mekanika ikiisha, ndani ya siku mbili kaa na maswali ya semina ya mada hiyohiyo, simu ikiwa kwenye begi, desa likiwa limefungwa. Swali moja, nusu saa. Chora kitu ulichokitenga, weka kila nguvu inayokigusa, kisia jibu, ndipo ukokotoe. Ukikwama, andika kwa sentensi moja umekwamia wapi. Nusu saa ikipita hujapata, sasa fungua desa, angalia ule mstari uliokukwamisha tu, ufunge. Kesho yake lifanye tena swali zima bila kuangalia popote. Maswali manne kwa mtindo huu yatakuchosha kuliko madesa thelathini, na mwanzoni utajiona umerudi nyuma kwa sababu kurasa ulizomaliza ni chache. Vumilia hali hiyo kama wiki tatu.

Muda wa kufanya hivyo utoke wapi? Hapo sasa tuje Chanika.

Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120. Somo la krediti 12 basi linakudai saa 120. Ukizigawa kwa muhula wa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki kwa somo hilo moja. Lekcha na semina zikichukua 4, nne zilizobaki ni zako peke yako, hakuna mhadhiri atakayekuja kuzidai. Zidisha kwa masomo uliyonayo. Sasa weka barabara kando yake: mtu anayetoka Chanika, akabadili gari Gongo la Mboto, akapambana na foleni hadi maeneo ya chuo na kurudi, anaweza kuacha saa 4 barabarani kwa siku. Ni saa 20 kwa wiki, sawa na muda binafsi wa masomo matano. Wasichana wengi wa mwaka wa kwanza wanaokuja ofisini kwangu wakilia kwamba hawana akili wana tatizo la daladala.

Ukipata nafasi hosteli, ichukue hata kama chumba kina watu wengi. Ukikosa, geto la kuchangia na wenzako wawili au watatu karibu na chuo ni jambo la kulipigia hesabu na wazazi, ukizingatia nauli utakayookoa. Najua Songea wanamwona shangazi kuwa ndio usalama wako, na shangazi naye atajiuliza amekukosea nini. Usilianzishe mwenyewe. Mwombe baba aongee na dada yake, aeleze kuwa ni suala la ratiba ya masomo, na kwamba mwisho wa wiki utakuwa unarudi kumsaidia. Shangazi wengi huelewa wakiombwa na kaka yao kuliko wakipewa taarifa na mtoto.

Ikishindikana kabisa, badili saa. Usibebe maswali kwenda nayo nyumbani. Kipindi cha mwisho kikiisha saa tisa au saa kumi, tafuta kimbweta chenye kivuli, fanya maswali yako mawili, uondoke foleni ikiwa imepungua kidogo. Ukifika nyumbani saidia kazi, kula, lala. Kusoma hadi saa nane usiku halafu kuamka saa kumi hakukuongezei chochote. Ubongo usiolala hautunzi ulichojifunza mchana. Ndani ya daladala unaweza kusikiliza au kupitia daftari ukipata siti, lakini usihesabu muda huo kuwa ni kusoma.

Kuhusu hao wavulana. Kabla hujaogopa mtu, muulize alisoma wapi. Utakuta mmoja katoka shule ya ufundi ya Ifunda, mwingine Tanga Ufundi, mwingine Moshi Ufundi. Hao walianza kushika rula ya T wakiwa kidato cha kwanza. Mwingine alimaliza diploma DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, ndipo akajiunga na shahada. Swali unaloliona leo yeye anakutana nalo kwa mara ya pili. Wewe na wao hamkuanzia mstari mmoja. Tofauti hiyo ipo kweli, na kwa ninavyoona darasani, kwenye michoro huwa inakwisha kabla ya mwaka wa pili kufika katikati. Mchoro wa uhandisi hauhitaji kipaji cha msanii. Unahitaji penseli ya 2H kwa mistari myepesi, HB ya kukoleza, na vitu vingi vya kuvichora: kopo, kitasa, kufuli, plagi ya umeme. Chora mbele, juu na ubavuni, kisha mpelekee yule wa Ifunda akosoe. Watu wa shule za ufundi hupenda kuulizwa, kwa sababu huko nyuma wenye PCM wa shule za vipaji maalumu waliwaona kama mafundi tu.

Programu. Kutokuwa na kompyuta kunakuchelewesha lakini hakukuzuii kuanza. Sehemu ngumu ya somo hilo hufanyika kwenye karatasi: andika programu ya mistari kumi, chora jedwali lenye safu moja kwa kila kigeu (jina linalobeba thamani inayobadilika), halafu wewe uwe kompyuta, pita mstari kwa mstari ukiandika thamani inavyobadilika. Anayeweza kufanya hivyo kwa kitanzi kimoja, yaani mistari inayojirudia, ameshatoka kwenye mazingaombwe. Kisha nenda maabara ya kompyuta asubuhi mapema kabla haijajaa. Kwenye simu nazo zipo programu za bure za kujaribia lugha za C na Python. Zinabana macho lakini zinafanya kazi. Usikubali kutumiwa kazi ya mtu kwa WhatsApp ukabadilisha majina ya vigeu. Wasahihishaji tunaiona haraka sana, na zaidi ya hapo ni desa lilelile kwa sura nyingine.

Bumu (fedha ya kujikimu ya wenye mkopo) likiingia usikimbilie Kariakoo siku hiyohiyo. Laptop za mtumba zipo nyingi, na nyingine betri yake imekufa kabla hujafika nayo nyumbani. Kwa mitambo, mbele utahitaji programu nzito za kuchorea, kwa hiyo iwe na RAM ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD. Rangi na ukubwa wa kioo ni mbwembwe. Nenda na mtu anayejua, iwashwe bila chaja, muitumie nusu saa hapohapo dukani, na risiti uidai. Ukiona fedha haitoshi, subiri muhula wa pili. Bora uchelewe kuwa na kompyuta kuliko ule mlo mmoja kwa siku kwa miezi miwili.

Kuna jambo hukuliuliza ila nitalisema kwa kuwa wewe ni msichana kwenye darasa la mitambo. Kwenye kundi la majadiliano mtaambiwa, wewe una mwandiko mzuri, andika ripoti. Karakana nayo itakuwa hivyohivyo: wewe shika daftari, wao washike tupa na mashine. Hakuna atakayekuwa na nia mbaya. Lakini wiki kumi za kushika daftari zitakuacha umeandika vizuri kazi usiyoijua. Sema mapema, kwa utani ukipenda, kwamba uandishi ni kwa zamu, na ikifika zamu yako ya lathe, mashine ya kukerezea chuma, usiiachie. Kundi lenyewe lisizidi watu watano, na kila mmoja aje ameshajaribu maswali peke yake. Vinginevyo ni mkutano wa kumsikiliza mmoja. Jadilianeni kwa Kiswahili kama ndicho kinachowafungua, ila kuandika muandike kwa Kiingereza, maana mtihani utakuja hivyo. Na ikitokea mtu yeyote, awe mhadhiri au mwanafunzi wa juu yako, akafungamanisha maksi au msaada na mwili wako, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Dawati la jinsia la chuo lipo, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Sisi wahadhiri tunaonekana wakali tukiwa mbele ya ukumbi wenye mamia ya watu. Ofisini ni tofauti. Lakini usije na sentensi ya "sijaelewa mada yote", kwa sababu sitajua nianzie wapi na wewe utaondoka na hotuba. Njoo na karatasi yenye jaribio lako na kidole kwenye mstari uliokwama. Dakika tano zinatosha. Ukiogopa kuanza na mhadhiri, anza na wasaidizi wanaoendesha semina. Hao walikaa kwenye viti vyenu juzijuzi tu.

Sasa hiyo 7 kwa 20 tuitazame kwa hesabu, si kwa machozi. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Kama testi yako ilikuwa 20 kati ya hizo 40, bado kuna 80 hujaziona. Ili ufikishe 50 kwa jumla unahitaji 43 kati ya 80, kama asilimia 54. Ili ufikishe 60 unahitaji 53, asilimia 66. Hiyo ya pili ni ngumu, ya kwanza ipo ndani ya uwezo wako hata kwa mwendo wa kawaida. Kumbuka pia kwamba kidato cha sita A ilianzia 80, wakati vyuo vingi A inaanzia 70. Ukijipima kwa kipimo cha zamani utajiona umefeli hata siku uliyofanya vizuri. Na kama somo likienda sapu, ni mtihani wa marudio, unafanywa, maisha yanaendelea. Kinachowapeleka watu kudisko, yaani kuondolewa chuo, mara nyingi ni masomo kadhaa kurundikana kwa sababu hawakumwambia mtu yeyote mapema. Wewe umeshasema.

Kuhama kozi. Ualimu na biashara ni kazi za heshima na zina ugumu wake. Usizifanye mahali pa kukimbilia. Uhamisho una muda wake maalumu na masharti yake, na kama una mkopo, Bodi ya Mikopo nayo inahusika, kwa hiyo usianze kuuliza vijiweni, uliza ofisi ya udahili. Ila ushauri wangu usiamue kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula huu, na usiamue kwa maksi peke yake. Jiangalie siku utakapotatua swali gumu kwa mkono wako. Kama hutasikia lolote, kama winchi ikipita mbele yako hujiulizi kwa nini haipinduki, basi njoo tuzungumze kuhusu kuhama, na nitakusaidia kuandika barua. Nimewahi kuwashauri wanafunzi wahame, na waliokuwa na maksi nzuri walikuwemo. Mhandisi hapatikani kwa testi moja: hata baada ya miaka 4 ya shahada, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini chini ya usimamizi kabla hujasajiliwa mhandisi kamili.

Nakuachia swali, na jibu lake siliandiki. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta laini usio na msuguano. Mguu wake upo mita 3 kutoka ukutani, sakafuni, na mgawo wa msuguano wa sakafu ni 0.5. Ngazi ina uzito wa niutoni 200, uchukulie upo katikati yake. Yule fundi wetu wa niutoni 600 amepanda hadi robo tatu ya ngazi. Je, ngazi itasimama au itateleza? Kisia kwanza, andika ulichokisia, ndipo uchore. Ukipata, niletee pamoja na hizo testi nyingine zitakaporudi.